Mtakatifu Bernard, Msimamizi wa Wapanda Milima

Wakatekumeni wapenzi, wengi wenu mmesikia habari za theluji iliyo juu ya mlima Ruwenzori. Huko Ulaya, katika milima ya Alpi, theluji hufunika njia miezi mingi ya mwaka, nayo imewaua watu wengi.

Katika karne ya 11 aliishi Bernard, msaidizi mkuu wa Askofu wa Aosta, nchini Italia. Aliwaona mahujaji waendao Roma wakivuka mlima ule, wengine wakinyang'anywa mali, wengine wakifa kwa baridi. Hakutosheka kuwaombea tu. Karibu mwaka 1050 alijenga nyumba ya wageni pale njia inapofika juu, mita 2,469 juu ya bahari, ili kila mpitaji apokewe, awe tajiri au maskini.

Bernard alifariki Novara, lakini kazi yake haikufa. Watawa wake walishuka wakati wa baridi kuwalaki wasafiri, wakajifunza kuichunguza theluji. Maana theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka dhaifu likifichwa chini ya theluji mpya, uzito wa mtu mmoja watosha kuiporomosha yote. Kwa hiyo, theluji ikiisha kuanguka nyingi, au upepo mkali ukiisha kuirundika, mwenye busara hungoja. Huogopa mteremko mkali kama paa la nyasi. Akisikia mvumo chini ya miguu yake, au akiona ufa, hurudi mara moja. Hata hivyo, baadhi ya watawa na watumishi wao walifunikwa na theluji wakiwatafuta wengine, wakafa.

Mwaka 1923 Papa Pio wa 11, ambaye ujanani alipanda milima ile, alimtangaza Bernard kuwa msimamizi wa wapanda milima. Hata leo, wakati wa baridi magari hayafiki pale; wageni hupanda wakiwa wamefunga miguuni mbao ndefu za kutelezea, nao hukuta mlango wazi.

Basi, tujifunze. Moyo nao huweza kuonekana mweupe kwa juu, kumbe dhambi ya zamani imelala chini bila kutubiwa. Likija jaribu zito, mtu huanguka. Ndiyo sababu Kanisa haliwaharakishi kwenye Ubatizo, bali huwatayarisha polepole. Asiyeijua njia asione haya kuuliza. Naye aijuaye ashuke kumlaki mwenzake.