Sambhu Nath De, munganga aliyekamata sumu ya kipindupindu

Wakaaji wa Goma, Uvira ao Kalemie hawana lazima ya kuelezwa kipindupindu. Asubui mtu iko mzima, mangaribi macho imeingia ndani, maji ya mwili yote imetoka. Mwezi wa saba 1994, kandokando ya Goma, wakimbizi wa Rwanda walikufa kwa maelfu. Lakini ule aliyeonyesha namna ile mdudu inaua, jina lake halijulikane sana.

Sambhu Nath De alizaliwa 1915 katika kijiji cha Garibati, Bengal, kule Uhindi, katika jamaa isiyo na mali. Alimaliza masomo ya udaktari Calcutta, kisha akaenda London, akapata doktora 1949. Akarudi Calcutta, mji ambao kipindupindu ilikuwa inaua watu kila mwaka.

Tangu 1884 Robert Koch alikuwa amewaza kama mdudu huyo anatoa sumu. Wataalamu wengi wakaitafuta kwa kuidunga ndani ya damu ya wanyama, bila mafanikio. De akajiuliza: mugonjwa anahara, sasa mbona watu hawaangalie utumbo? Akafunga kipande cha utumbo wa sungura kwa uzi, akatia wadudu ndani. Kesho yake kile kipande kilikuwa kimevimba, kimejaa maji. Hiyo ilikuwa 1953. Kisha akachuja wadudu wote, akabakisha paka maji walimokuwa. Akatia ile maji ndani ya utumbo: ukajaa vilevile. Kumbe sumu peke yake inatosha! Alitangaza hayo 1959, na kazi yote ilifanywa kwa vyombo vichache.

Wengine ndio waliokuja kufunua yanayotokea ndani ya seli. Sumu ina vipande 6. Vitano vinashika ngozi ya seli ya utumbo, cha sita kinaingia. Kule ndani kinasaidiwa na protini ya seli yenyewe, kisha kinakamata protini ingine yenye kazi kama ya swichi ya taa, na kuiacha imewaka bila kuzimika. Seli inafungua mlango wa chumvi. Chumvi inatoka, maji inafuata. Seli haivunjike, inatumikishwa tu. Na mlango ule wenye kuingiza chumvi pamoja na sukari, sumu haiuharibu. Ndiyo maana maji ya SRO inaponyesha, hata mtu akiwa bado anahara.

Uhindi haikumpa De heshima kubwa akiwa hai. Hata akademi za sayansi za inchi yake hazikumuingiza. Mmarekani Joshua Lederberg, mwenye Nobel, alipendekeza jina lake kwa tuzo hiyo zaidi ya mara moja, lakini hakuipata. 1978 aliitwa Sweden kwenye mkutano wa Nobel juu ya kipindupindu, miaka mitano kisha kustaafu. Alifariki mwezi wa ine 1985, akiwa na miaka 70.