Selous: Mwindaji aliyejutia bunduki yake ya kwanza

Na Mwandishi Wetu, Lindi

Ukimtajia mkazi wa Rasbura mjini hapa jina la Selous, mara moja atakuelekeza upande wa Liwale, kwenye pori la tembo. Si wengi watakaokumbuka kwamba kabla ya kuwa jina la pori, Selous alikuwa mtu mwenye mwili na damu, aliyekufa kwa risasi ya kichwa katika nchi hii akiwa na umri wa miaka 65.

Frederick Courteney Selous alizaliwa jijini London, Uingereza, Desemba 31, 1851. Baba yake alikuwa mtu mzito katika Soko la Hisa la jiji hilo, na kijana alipelekwa katika shule maarufu ya Rugby. Tangu utotoni hakutaka kusikia habari za ofisi. Alitaka Afrika, na Septemba 1871, akiwa na miaka 19, aliteremka melini Afrika Kusini akiwa na pauni 400 mfukoni.

Msiba wake wa kwanza ulikuwa wa wizi. Bunduki nzuri ya midomo miwili aliyotoka nayo kwao, ya kisasa kwa wakati ule, iliibwa wakati wa safari yake ya machimbo ya almasi ya Kimberley. Hapo ndipo ilipomlazimu kufanya uamuzi ambao kila mwenye kuanza kazi ya bunduki huufanya: anunue kipi, kwa fedha ipi, na atakijazaje risasi.

Alichagua urahisi wa bei. Alichukua magobori mazito yaliyotengenezwa Birmingham na Isaac Hollis, ya aina waliyoitumia makaburu kuwindia tembo. Risasi nne za gobori hilo zilifikisha ratili moja, yaani kila tonge la risasi lilikaribia gramu 113. Baruti ilikuwa ile ya kawaida ya biashara. Selous aliibeba katika mfuko wa ngozi kiunoni, na wakati wa kujaza alitumbukiza mkono, akachota, akamimina mtutuni na kushindilia. Kipimo kilikuwa kiganja chake, na kiganja cha mtu anayekimbizana na tembo hakichoti sawa mara mbili.

Walenga shabaha wa leo wanaojaza wenyewe maganda ya risasi wangeshika vichwa kwa utaratibu huo. Wao hupima baruti kwa mizani ndogo, hubadilisha fataki, kisha huikaza risasi kwenye ganda kwa mashine ya mkono inayofungwa mezani, ili risasi ya ishirini ifanane na ya kwanza. Sababu ni nyepesi kueleweka. Baruti ikizidi au ikipungua, kasi ya risasi hubadilika, na risasi hupiga juu au chini ya pale ilipolengwa.

Hata hivyo, magobori yale yaliua. Mwaka 1872 Selous alifika kwa Mfalme Lobengula wa Wamatebele kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimtazama, akacheka kwa kumwona bado mtoto, akamruhusu. Hadi mwaka 1874 mtoto huyo alikuwa ameangusha tembo 78 kwa silaha hizo za bei rahisi.

Gharama yake aliilipa kwa njia nyingine. Siku moja gobori lilikataa kulia. Msaidizi wake, asiyejua kwamba baruti na risasi vilikuwa bado ndani, alilijaza mara ya pili juu ya yale ya kwanza na kumrudishia. Alipofyatua, alirushwa juu na kuanguka kifudifudi, kitako kikapasuka, naye akaumia usoni na begani. Baadaye aliandika kwamba teke la magobori hayo lilimharibia mishipa ya fahamu na ulengaji wake kwa miaka iliyofuata, na kwamba alitamani asingeyagusa kamwe. Alihamia kwenye bunduki za Gibbs wa Bristol, zinazojazwa risasi moja moja kwa nyuma, nazo ndizo alizozisifu.

Kitabu chake cha mwaka 1881 kilimpa jina kote Uingereza. Lakini umaarufu huo una doa ambalo wasifu wake mwingi hulipitia haraka: mwaka 1890 aliuongoza msafara wa Cecil Rhodes ulioingia Mashonaland na kuifungulia njia Rhodesia ya walowezi. Njia alizozijua kwa ukarimu wa wenyeji ndizo walizopitia waliokuja kuwanyang'anya ardhi.

Vita Kuu ilipozuka, Selous alikuwa amepita miaka 60. Alisumbua wakubwa mpaka akakubaliwa katika Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, akafika Mombasa Mei 1915.

Upande wa Wajerumani, suala la risasi lilikuwa la kufa na kupona. Askari wengi walianza vita na bunduki za Mauser za mwaka 1871, ambazo moshi wake uliwafichua kila walipofyatua. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyowaletea silaha, ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama kwenye maji mafupi. Shehena iliopolewa. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena, ingawa nyingine ziligoma kulia. Machi 1916 meli ya pili, Marie, iliingia Sudi, kusini mwa Lindi, na mizigo yake ikapelekwa bara vichwani mwa wapagazi. Vitabu vya vita huhesabu mizinga ya Marie kwa makini zaidi kuliko wapagazi hao.

Januari 4, 1917, huko Beho Beho, kaskazini ya Mto Rufiji, Selous alikuwa mbele ya watu wake akitafuta walikojificha walenga shabaha wa adui. Risasi moja ilimpata kichwani. Alizikwa palepale, chini ya mkwaju. Wenzake wa Kikosi cha 25 waliletwa Lindi katikati ya mwaka huo, na vita vya Mahiwa vya Oktoba vikakimaliza kikosi chao. Januari 4, 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba, mwanawe Freddie, rubani wa ndege za kivita, aliuawa Ulaya.

Pori lilipewa jina la Selous mwaka 1922. Novemba 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ilimegwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi la mwindaji huyo sasa limo ndani ya hifadhi hiyo. Jina lake limebaki kwenye eneo la kusini.