Simon Kimbangu: miaka 30 mbali na kwao



Tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika inchi yetu. Wengi tunaifurahia juu ya kupumzika tu. Lakini ile tarehe inatoka mwaka 1921, kule Nkamba, Kongo ya Chini, wakati Simon Kimbangu alimwekea mwanamke mgonjwa mikono na watu wakasema amepona.

Alizaliwa 1887. Alikuwa mkatekista wa misioni ya Wabatisti wa Uingereza, mume wa Marie Muilu, baba ya vijana watatu. Silaha hakuwa nayo. Alihubiri miezi kama tano hivi, basi. Watu waliacha mashamba na kazi ya wazungu, wakashika njia ya Nkamba kwa miguu, na njo hapo serikali ya Wabeleji ilishituka. Mwezi wa sita walijaribu kumkamata, akawaponyoka. Mwezi wa tisa akajitoa mwenyewe.

Tribinali ya kijeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, haikumpa mtu wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba ilimkatia kifo na fimbo 120. Mfalme Albert aligeuza kile kifo kuwa kifungo cha maisha, wakamsafirisha mpaka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu, upande mwingine kabisa wa inchi. Alifia boloko tarehe 12 Oktoba 1951. Hesabuni: miaka 30. Mandela mwenyewe alifungwa 27.

Sisi wa chama hiki, kinachotugusa zaidi ni wale waliomfuata. Serikali iliwang'oa kwao na kuwatupa mbali, familia kwa familia. Kanisa lao linahesabu familia 37,000. Wengine walifikishwa Lowa, huku kwetu mashariki, katika kambi ya kulima chini ya ulinzi. Walizaa watoto kule, wakazika wazee wao kule. Na kile serikali ilitaka kuzima, kikasambaa: kila walipotupwa waliomba kwa siri, na majirani wa makabila mengine wakaingia. Nyuma, Mama Muilu alishikilia wale waliobaki, mpaka alipofariki Aprili 1959. Tarehe 24 Desemba ya ule mwaka serikali ilikubali kanisa, yeye hayupo tena wa kuona. Kijana wake Joseph Diangienda njo aliliongoza, na mkubwa wake Charles Kisolokele aliingia katika serikali ya Lumumba.

Waliohamishwa wakaanza kurudi. Mtoto aliyezaliwa uhamishoni alikuwa anarudi kijiji ambacho hajawahi kukiona. Tunalijua hilo vizuri: kila tunapoandika majina ya familia zinazotoka Tanzania ao Burundi, vijana wanatuuliza tuandike wanatoka wapi, na karatasi ina nafasi moja tu.

Aprili 1960, mbele ya uhuru, waliufukua mwili wa Kimbangu Lubumbashi na kuurudisha Nkamba. Ilikuwa miaka karibu tisa tangu azikwe. Watu waliokuwa wametoka juzi tu uhamishoni, nyumba bado hawajasimamisha, walitaka kwanza mzee wao arudi.

Tunaandika haya juu ya ombi liko mbele yetu. Wanachama wengine wanaomba sanduku la chama lisaidie kurudisha mifupa ya wazazi waliozikwa Nyarugusu. Wengine wanasema mabati ya wajane yatangulie, kwa sababu mvua haingojei. Wafadhili nao wameuliza kama feza yao inaweza kutumika kwa wafu. Kamati imegawanyika, tunasema wazi. Mkutano mkuu utakata neno. Mwenye mzazi aliyebaki kule aandikishe jina lake kwa katibu mbele ya ile siku, aseme pia kama nyumba yake imeezekwa ao bado.