Roger Baldwin: Alitetea hata waliomkera

Hebu fikiria: mtu anasema mambo yanayokukera kabisa, kisha serikali inamziba mdomo. Utamtetea? Roger Baldwin angemtetea.

Jamaa alizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka wa 1884, katika familia yenye uwezo. Mwaka wa 1918, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, alikataa kuingia jeshini. Hakutoroka. Alisimama mbele ya jaji, akaeleza msimamo wake, akafungwa.

Mwaka wa 1920, yeye na wenzake wakaanzisha ACLU, shirika la kutetea uhuru wa raia. Aliliongoza miaka 30. Wafanyakazi waliogoma, walimu, Wakomunisti, hata wafuasi wa Wanazi: wote shirika lilitetea haki yao ya kusema. Kwake, ukikubali adui yako anyamazishwe leo, kesho ni zamu yako.

Lakini usimfanye malaika, bana. Mwaka wa 1940 shirika hilohilo lilimtimua Elizabeth Gurley Flynn, mmoja wa waanzilishi, kwa sababu tu alikuwa Mkomunisti. Baldwin aliunga mkono. Uamuzi huo ulifutwa mwaka wa 1976, wakati mama huyo alishafariki miaka 12 nyuma.

Baldwin aliendelea kupigania haki za binadamu kimataifa hadi uzeeni, akafariki mwaka wa 1981 akiwa na miaka 97.

Sasa wewe: siku mtu usiyempenda akishikwa kwa sababu ya maneno yake, usikimbilie kushangilia. Hata Baldwin mwenyewe mtihani huo ulimshinda.