Siti binti Saad na Adabu ya Dumbaki

Wapenzi wa taarab wa hapa Mwambao wana ugomvi wao usiokwisha. Wako wanaoshikilia kwamba dumbaki ya ngozi ndiyo yenye roho ya muziki, na wako wanaosema kwamba ngoma za umeme ndizo zifaazo, kwani huongezwa na kupunguzwa sauti kwa kitufe tu. Mimi nimezisikiliza pande zote mbili, na kila nikifikiri narudi kwa bibi mmoja aliyefariki zamani, naye ni marehemu Siti binti Saad wa Unguja.

Bibi huyu alizaliwa Fumba, kusini ya Unguja, yapata mwaka wa 1880. Wazee wake walikuwa watu wa asili ya utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Kazi aliyoijua ni ufinyanzi. Alifinyanga vyungu na mitungi, akajitwika kichwani, akaenda akivinadi kwa sauti. Yapokewa kwamba watu walianza kuijua sauti hiyo kabla ya kumjua mwenyewe. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka wa 1897, lakini wasomaji wanaelewa kwamba sheria huweza kufuta utumwa kwa siku moja, na dharau ikabaki miaka mingi.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mpiga udi, naye akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa na hifadhi ya ajabu, akaweza kuimba Kiarabu pamoja na Kiswahili. Ndipo alipopata jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Tazama basi safari hiyo, kutoka Mtumwa hadi Siti!

Wenzake aliopiga nao ni Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban. Kundi lao lilikuwa dogo, la udi, fidla, dumbaki na tari. Hapakuwa na kipaza sauti wala spika katika nyumba za Ng'ambo siku hizo. Ikiwa mpiga dumbaki atapiga kwa nguvu zote, mwimbaji amekwisha, na maneno yake hayafiki hata mkeka wa pili. Kwa hiyo kazi ya kupima sauti ilikuwa mikononi mwa wapigaji wenyewe. Dumbaki ikipigwa katikati ya ngozi hutoa mlio mzito, na ikipigwa ukingoni hutoa mlio mkali mwembamba. Fundi huchagua mahali pa kugusa na uzito wa kidole, akapanda pale ala zinapocheza peke yake, akashuka mara tu mwimbaji anapofungua kinywa. Ngozi yenyewe hulegea kwa unyevu, ikataka kupashwa moto ili irudi sauti yake. Haya yote hujifunzwa kwa sikio, wala hayana kitufe.

Nasema jambo hili si dogo kwa sababu maneno ya Siti hayakuwa ya kupitisha wakati tu. Watu wenye kumwonea wivu walimtungia wimbo wa kumkejeli kwa ushamba wake. Naye akawajibu kwa wimbo pia, akiwaeleza kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si kitu mbele ya akili. Wimbo wa Kijiti nao ulisimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa, na jinsi wanyonge walivyoona hukumu ilivyokwenda upande. Je, maneno kama hayo yangezamishwa na kishindo, yangebaki nini? Mwanamke maskini angekuwa amenyamazishwa mara ya pili, tena na wapigaji wake mwenyewe!

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Walikwenda kwa bahati njema, maana kabla ya 1925 muziki ulirekodiwa kwa kuimba mbele ya tarumbeta kubwa ya bati, na wapiga ngoma waliwekwa mbali ili kishindo chao kisiharibu kazi ya sindano. Kuanzia mwaka huo wa 1925 kulitumika kipaza sauti cha umeme, kilichonasa hata sauti nyororo. Hata hivyo upande mmoja wa santuri ulichukua muda wa kama dakika tatu tu, na wimbo wa barazani ukabidi ufupishwe. Nikizisikiliza santuri zile, sauti ya Siti iko mbele, fidla inamfuata kama kivuli, na dumbaki inakwenda chini yake kama tandiko chini ya mgeni. Santuri hizo zilienea pwani nzima, zikapigwa mikahawani na majumbani, na Kiswahili kikasikika kwenye gramafoni kama lugha yenye haki yake.

Sasa nitoe rai yangu. Ngoma ya umeme si adui. Yafaa sana kwenye mtaa wenye nyumba zilizobanana, penye wagonjwa na watoto waliolala, na ukitaka kupunguza unapunguza bila mpigaji kubadili mkono wake. Ila balaa ni kwamba kitufe hakina haya. Mpiga kinanda huongeza chake, wa gita akamjibu, mwimbaji naye akadai spika nyingine, na mwishowe bibi harusi hasikii hata jina lake linapotajwa. Dumbaki ya ngozi nayo, ikipigwa na asiye na adabu, huharibu vilevile. Jambo linalotakiwa ni kundi zima kukubaliana kwamba maneno ndiyo mwenye nyumba, na ala ni wageni wake.

Siti binti Saad alifariki Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliziimba nyimbo zake hadi uzeeni. Mwenyezi Mungu amrehemu. Enyi wapiga ngoma wa leo, wa ngozi na wa umeme, kabla ya kuanza muulizeni aliyekaa mkeka wa mwisho kama anasikia maneno.