Louise Pearce: Daktari aliyeifuata malale hadi Kongo

NYAKABIGA, Bujumbura: Kutoka Nyakabiga hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mtu anaweza kwenda kwa miguu. Mtaa huu unaopakana na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi una wanafunzi wengi waliopanga vyumba, na jioni baadhi yao huteremka ziwani kupunga upepo. Ni wachache wanaojua kwamba mwambao huo uliwahi kuogopwa kwa sababu ya nzi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mbung'o waliokuwa wakiishi kwenye vichaka vya kando ya ziwa walikuwa wakieneza malale. Wajerumani, ambao ndio waliotawala Urundi wakati huo, walifungua kambi za ugonjwa huo katika uwanda wa Imbo. Watu walipapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba, na vichaka vya pwani na vya kandokando ya mito vikafyekwa. Kaskazini, nchini Uganda, hali ilikuwa mbaya zaidi: zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache, wengi wao Busoga na visiwa vya Ziwa Victoria. Dawa iliyokuwapo ilikuwa atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki, sumu ya tangu kale. Robert Koch aliitumia katika visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907, na baadhi ya wagonjwa wake wakapofuka.

Hayo ndiyo matatizo mawili aliyoyarithi Louise Pearce, daktari wa Marekani: ugonjwa usiojua mpaka, na dawa iliyodai macho kama malipo.

Pearce alizaliwa mwaka 1885 katika mji wa Winchester, jimbo la Massachusetts. Alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, akahitimu mwaka 1907, kisha akapata shahada ya udaktari Johns Hopkins mwaka 1912. Wanawake waliokuwa wakipewa nafasi ya utafiti katika maabara kubwa siku zile walikuwa wa kuhesabika. Yeye aliomba kazi kwa Simon Flexner, mkurugenzi wa Taasisi ya Rockefeller ya Utafiti wa Tiba mjini New York, na mwaka 1913 akachukuliwa.

Flexner alitaka dawa ya aseniki itakayoua vijidudu bila kumuua mgonjwa. Wakemia wawili, Walter Jacobs na Michael Heidelberger, walitengeneza michanganyiko mingi, na Pearce pamoja na mwenzake Wade Hampton Brown wakaijaribu mmoja baada ya mwingine kwa wanyama wa maabara waliokuwa wameambukizwa. Kazi ya namna hiyo haina sherehe. Ni kupima, kudunga sindano, kuhesabu wanyama waliopona na waliokufa, na kuanza upya kesho yake. Mwaka 1919 walitangaza kwamba mmoja kati ya michanganyiko hiyo, waliouita tripasamidi, ulikuwa umefanya vizuri.

Lakini panya wa New York si mgonjwa wa Kongo. Mwaka 1920 taasisi ilimtuma Pearce Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Alikuwa na umri wa miaka 35 na alikwenda peke yake, akiwa na dawa ambayo ilikuwa bado haijathibitishwa kwa binadamu wenye malale, katika koloni la Ubelgiji ambako ugonjwa huo ulikuwa umemaliza vijiji vizima. Hospitali na maabara vilikuwapo. Utaratibu wa majaribio ulikuwa juu yake.

Ili kuelewa ugumu wa kazi yake, ni vizuri kukumbuka jinsi malale inavyokwenda. Mbung'o akiuma, vijidudu huingia kwanza kwenye damu na tezi. Mgonjwa hupata homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya kichwa na uchovu, na anaweza kuendelea kulima na kwenda sokoni kwa miezi au hata miaka. Baadaye vijidudu huingia katika ubongo na maji ya uti wa mgongo. Hapo ndipo usingizi hugeuka, mchana ukawa usiku, tabia ikabadilika, na ndugu wakaanza kusema huyu si yule tuliyemjua. Mgonjwa asiyetibiwa akifika hatua hiyo, kwa kawaida hufa. Dawa nyingi za awali zilisafisha damu lakini zikashindwa kuufikia ubongo.

Pearce aliwatibu na kuwafuatilia wagonjwa 77. Hakutoa dozi moja kwa wote. Alianza na kiasi kidogo, akaongeza, akachunguza damu na tezi tena na tena kuona vijidudu vinatoweka lini na vinarudi lini, na akapima maji ya uti wa mgongo kwa wale waliokuwa wameathirika zaidi. Majibu yalikuja haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kwa wengi, vijidudu vilitoweka kwenye damu ndani ya siku chache, na wagonjwa waliokuwa wamefikia hatua ya kuchanganyikiwa walianza kula, kunenepa na kurejewa na fahamu. Historia ya tiba imehifadhi idadi ya watu hao, si majina yao. Tena walikuwa raia wa koloni, na ridhaa kama inavyodaiwa leo kabla ya jaribio lolote la dawa halikuwa jambo la wakati ule. Sifa za Pearce ni za haki, ila deni hilo halifutiki.

Na macho? Ripoti yake ya mwaka 1921 haikuficha kwamba baadhi ya wagonjwa walipata matatizo ya kuona. Dozi kubwa zilikuwa na hatari yake. Ilibidi kipimo kichungwe, na mgonjwa atazamwe kwa karibu ili dawa isimamishwe dalili za kwanza zikionekana. Kwa maneno mengine, tripasamidi ilikuwa dawa nzuri mikononi mwa mtu mwenye subira.

Subira hiyo haikuwapo kila mahali. Katika miaka iliyofuata dawa ilisambazwa Afrika ya Kati kwa timu zilizotembea kijiji hadi kijiji zikipima maelfu ya watu. Nchini Kamerun, katika eneo la Bafia lililokuwa chini ya Wafaransa, daktari mmoja mwishoni mwa miaka ya 1920 alizidisha dozi kuliko ilivyoelekezwa, na takriban watu 700 wakapofuka. Mkuu wa kampeni hiyo, Eugène Jamot, ambaye alikuwa ameokoa watu wengi, aliondolewa Kamerun kwa sababu ya kashfa hiyo. Mtafiti anaweza kuandika kipimo sahihi, lakini hawezi kusimama kando ya kila sindano.

Kulikuwa na upungufu mwingine unaoihusu zaidi Afrika Mashariki. Dawa ya Pearce ilifaa kwa malale ya aina ya gambiense, ile ya magharibi na kati, inayomla mtu polepole. Dhidi ya aina ya rhodesiense, inayopatikana Tanzania na sehemu za mashariki ya Uganda na inayoua kwa muda mfupi, haikuwa na msaada wa maana. Baadaye Kongo nako vijidudu vilianza kuizoea. Kuanzia mwaka 1949 melarsoprol, nayo ya aseniki na yenye hatari zake, ilichukua nafasi kubwa. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2018 ndipo kikapatikana kidonge cha kumezwa, feksinidazoli, kinachotibu hatua zote mbili za gambiense; majaribio yake yalifanyika kwa sehemu kubwa Kongo hiyo hiyo, safari hii yakiongozwa na daktari Mkongo, Victor Kande.

Pearce hakurudi kwenye malale kama kazi yake kuu. Alipofika New York aliendelea na Brown kuchunguza kaswende kwa kutumia sungura, na katika sungura hao wakagundua uvimbe wa saratani uliopewa majina yao wawili na kutumiwa na maabara nyingi duniani. Mwaka 1931 na 1932 alifundisha Peking. Sungura wao walipopatwa na mlipuko wa ndui, waliuchunguza nao badala ya kuwatupa tu. Virusi vya ndui ya sungura ni wa ukoo mmoja na virusi vya mpox, vilivyoitikisa Bujumbura mwaka 2024 baada ya kuenea mashariki mwa Kongo.

Vyeo havikumfuata kwa kasi ya kazi yake. Mwaka 1923 Rockefeller ilimpandisha kuwa mwanachama mshirika, na alibaki katika ngazi hiyo hiyo hadi alipostaafu mwaka 1951. Kati ya 1946 na 1951 aliongoza pia Chuo cha Tiba cha Wanawake cha Pennsylvania. Nyumbani kwake New Jersey aliishi na mwandishi wa riwaya Ida Wylie na daktari Sara Josephine Baker, yule aliyemsaka na kumkamata Mary Mallon, mpishi aliyeeneza homa ya matumbo New York bila yeye mwenyewe kuugua.

Ubelgiji ilimpa nishani baada ya safari ya Kongo, kisha mwaka 1953 ikamwita tena, safari hii kumkabidhi Nishani ya Simba na tuzo ya dola 10,000 yenye jina la Mfalme Leopold II. Jina hilo kwa Wakongo lilikuwa na maana nyingine kabisa. Pearce alifariki Agosti 1959, miezi kumi kabla ya Kongo kujipatia uhuru.