Carl Stalling, Fundi wa Muziki wa Katuni

Mwaka jana spika ya televisheni ya jirani yetu iliharibika. Sisi watoto wa ploti tuliendelea kutazama katuni vivyo hivyo, kimya kimya. Paka akaanguka kutoka ghorofani, hakuna aliyecheka. Sungura akapigwa rungu, wapi! Hapo ndipo nilipong'amua kwamba nusu ya kichekesho huwa masikioni. Nilipomuuliza mwalimu wetu wa muziki ni nani aliyeanzisha mambo haya, alinitajia Carl Stalling.

Marehemu Stalling alizaliwa tarehe 10 Novemba 1891 katika mji mdogo wa Lexington, jimbo la Missouri, Marekani. Akiwa bado mvulana alipiga piano katika sinema. Siku hizo filamu zilikuwa bubu. Mpiga piano aliketi mbele ya watu, macho kwenye picha, vidole kazini. Farasi wakikimbia, naye anakimbia. Mtu akifa, anapunguza mwendo. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake hasa. Aliendelea na kazi hiyo katika jiji la Kansas City, na huko, miaka ya 1920, akajuana na kijana mchoraji aitwaye Walt Disney.

Mwaka wa 1928 Disney alitaka kutia sauti katika katuni zake, akamkumbuka rafiki yake. Stalling akatunga muziki wa Plane Crazy na The Gallopin' Gaucho, katuni mbili za Mickey Mouse zilizokuwa zimechorwa bila sauti. Lakini wawili hao walibishana. Je, muziki ufuate picha au picha zifuate muziki? Badala ya kugombana, walianzisha mfululizo mwingine ambamo muziki ndio ungeongoza. Katuni ya kwanza ya mfululizo huo, The Skeleton Dance ya mwaka wa 1929, ilitokana na wazo la Stalling. Ndani yake mifupa ya wafu inacheza ngoma makaburini!

Sasa, muziki utapatanaje na picha? Stalling ni miongoni mwa waliobuni njia ya kuwasikilizisha wanamuziki mlio wa tik-tik sikioni wanaporekodi. Hesabu yenyewe si ngumu. Picha 24 hupita kila sekunde. Mdundo mmoja ukipewa picha 12, basi tunapata midundo 2 kwa sekunde, yaani 120 kwa dakika. Mchoraji anajua mguu utakanyaga kwenye picha ya ngapi, na mtunzi naye anajua ngoma ilie wapi. Nani alisema hisabati na muziki haviivi chungu kimoja?

Stalling alimwacha Disney mwaka wa 1930. Mwaka wa 1936 akahamia kwenye katuni za Warner Bros., akakaa huko miaka 22, akitunga muziki wa katuni. Zilipita 600! Bugs Bunny akinyata, nyuzi zinadonolewa taratibu; akikimbia, okestra nzima inamfukuza. Milio ya breki, kengele na vishindo ilikuwa kazi ya mwenzake, Treg Brown. Kidole kimoja hakivunji chawa. Alistaafu mwaka wa 1958, akafariki tarehe 29 Novemba 1972, akiwa na umri wa miaka 81. Watoto wa dunia nzima walimcheka sungura, wengi bila kulijua jina la mzee huyu.

Kwa nini nimewasimulia haya? Tulipokuwa tukichagua masomo ya kidato cha tatu, baba alikataa katakata nisichukue Muziki. Alisema kupiga meza hakuleti unga nyumbani. Simlaumu, karo anailipa kwa jasho. Basi jioni moja nilimsimulia maisha ya Stalling, na zile hesabu za picha 24 nikamwandikia kwenye karatasi. Alinyamaza kitambo, akaisoma karatasi mara mbili, kisha akaniambia nijaze fomu, ila nitumie penseli.

Nimejaza, wenzangu. Muhula huu nina alama 71 katika Muziki. Nikifika 80, nitamwomba baba kalamu ya wino.